Kava ya Kuzuia Maji: Ijaribu na Tishu Kwanza, Simu Baadaye

Mvua ya Machi hadi Mei ikianza, msee wa nduthi ndio huwa wa kwanza kulia na simu. M-Pesa, namba za wateja, ramani, kila kitu kiko humo. Ikizima, siku imeisha.

Ile kava ya plastiki ya kuning'iniza shingoni inaweza kukuokoa, bora uijue. Uhai wake uko kwa klipu ya juu. Uzi ama mchanga kidogo ukikwama hapo, maji yanaingia. So weka tishu kavu ndani, funga, zamisha kwa beseni nusu saa. Tishu ikiloa, hiyo kava tupa.

Skrini nayo husoma umeme kidogo wa kidole chako. Kupitia plastiki nyembamba iko sawa, lakini chini ya maji inachizi, juu maji pia hupitisha umeme. Ukiwa Diani, fungua kamera kabla uzame, halafu piga picha na kitufe cha sauti.

Na ukiona IPX8 kwa boksi, 8 inamaanisha inavumilia kuzama zaidi ya mita 1. Lakini hicho kipimo hufanywa na maji baridi, si ya chumvi. Ukitoka bahari, suuza kava kabla uifungue.

Tishu moja ni bei gani? Simu je?