Mashine Iliyosoma Intaneti Bila Msimamizi

Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Profesa Tom Mitchell na wenzake waliiwasha NELL, programu iliyotakiwa kusoma kurasa za intaneti usiku na mchana, iokote maarifa, na kila siku isome vizuri kuliko jana yake. Ilipewa mtaji mdogo: orodha ya aina za vitu, kama miji, kampuni na wanyama, na kwa kila aina mifano kumi hadi kumi na mitano. Mengine ijitafutie. Ikishajua kwamba miji hutajwa baada ya maneno "meya wa", jina jipya likitokea hapo nalo huenda ni la mji.

Baada ya siku 67 ilikuwa na taarifa zaidi ya 242,000. Ni mavuno makubwa, lakini tuyapepete. Katika theluthi ya kwanza ya kazi, taarifa sahihi zilikadiriwa kuwa 90 kwa kila 100. Katika theluthi ya mwisho zilibaki 57.

Kilichoiponza kinaonekana kwenye kundi la vyakula vya kuoka. NELL ilianza vizuri, ikitaja keki na mikate. Kisha ikakutana na "cookies", jina la biskuti kwa Kiingereza cha Marekani, ambalo pia ni jina la vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya kompyuta. Ikaviweka vijifaili hivyo pamoja na keki. Kwa kuwa watu huandika kwamba wamevifuta, na huandika pia kwamba wamefuta mafaili, basi mafaili nayo yakawa chakula cha kuoka. Kosa moja limeshakuwa mwalimu! Na kinga ilikuwepo: kilichokubaliwa kuwa mji hakikuruhusiwa kuwa mtu. Haikutosha.

Miezi sita ya mwanzo mashine iliachwa peke yake. Kuanzia Juni watafiti wakawa wanapitia kila kundi kwa dakika kama tano, kila wiki mbili, wakiondoa makosa ya wazi.

Dakika hizo tano, kwangu, ndizo sehemu ya mradi inayostahili kuigwa kuliko zote. Wanaokusanya maandishi ya Kiswahili leo ili kufundishia kompyuta, nawasihi: mkaguzi anayeijua lugha awe kwenye mpango na kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na alipwe.