Marejeleo Katika Mswada wa Kitaaluma

Makala haya yanadhamiria kufafanua ni kwa nini marejeleo si pambo la mwisho wa mswada. Tuchukue dai kwamba jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha. Mtafiti akilitoa kitabuni, sharti ataje mwandishi, mwaka na ukurasa. Akilipata kwa mzee aishiye karibu na ziwa, ataje mahali na tarehe ya mahojiano, pamoja na jina la msimulizi kwa idhini yake. Asipofanya hivyo, atakuwa amejitwalia maarifa ya mzee huyo.

Majina nayo yana utata. Kanuni ya kutanguliza jina la mwisho haiwafai waandishi wote. Katika Ngũgĩ wa Thiong'o, "wa" huonyesha uzawa: Ngũgĩ, mwana wa Thiong'o. Hivyo basi, aorodheshwe chini ya Ngũgĩ. Aidha, riwaya yake Weep Not, Child (1964) ilitoka kwa jina James Ngugi. Anayerejelea toleo hilo alihifadhi jina hilo.

Kila jarida lina mwongozo wake. Mwandishi ausome kabla ya kuwasilisha mswada. Vilevile ahakikishe kuwa kila chanzo kilichotajwa matinini kimo orodhani. Msomaji asiyeweza kukifikia chanzo hawezi kuithibitisha hoja.