Mashine ya kupima damu bila vitendanishi ni pambo tu

Waafrika Mashariki waishio Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wamezoea kuchangia hospitali za nyumbani, na mashine ya kupima damu ni zawadi yenye heshima kubwa. Hospitali ya huku inapobadili mitambo, ya zamani hutolewa ingali inafanya kazi. Wanajumuiya huchanga nauli ya kontena, na siku ya makabidhiano picha hupigwa. Swali ambalo mara nyingi huachwa bila jibu ni hili: vitendanishi vitakapokwisha, nani atanunua vingine?

Vitendanishi ni zile dawa na kemikali zinazochanganywa na damu ili kipimo kitoe jibu. Chukua mfano wa kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho huagizwa kila siku katika hospitali. Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza ya njia ya kuhesabu chembe kwa kuzipitisha katika tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila chembe inapopita huuzuia mkondo kidogo, na mashine huhesabu. Mashine nyingi hadi leo hutumia njia hiyo.

Hata hivyo, damu haiwezi kupita katika tundu hilo jinsi ilivyo, kwa sababu chembe zake zimesongamana mno. Kwanza huzimuliwa kwa maji ya chumvi yenye vipimo maalumu. Kisha dawa ya pili huvunja chembe nyekundu ili nyeupe zihesabiwe na himoglobini ipimwe. Dawa ya tatu husafisha mirija ili tundu lisizibe. Ikikosekana moja tu kati ya hizo, kazi husimama.

Umuhimu wa vitendanishi haukuanza na mashine hizi. Mjerumani Gustav Giemsa, ambaye kati ya mwaka 1895 na 1898 alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitangaza mwaka 1904 rangi inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Darubini zilikuwapo kabla yake, na hata rangi za kupaka damu zilikuwapo, lakini ziliharibika upesi. Yake ilidumu, na ndiyo ambayo maabara zetu hutumia kutambua vijidudu vya malaria. Darubini bila rangi hiyo haina msaada mkubwa kwa mgonjwa wa malaria.

Tofauti ni kwamba rangi ya Giemsa huweza kununuliwa kwa muuzaji yeyote, na darubini yoyote huikubali. Mashine nyingi za kisasa sivyo zilivyo. Hukubali vitendanishi vya kampuni iliyoziunda tu, na baadhi husoma alama iliyo kwenye chupa kabla ya kufanya kazi. Ndiyo maana zipo kampuni zinazoipa hospitali mashine bila malipo, kwa sharti kwamba hospitali itanunua vitendanishi kwao. Faida imo katika chupa. Na toleo la mashine likizeeka, kampuni huweza kuacha kabisa kutengeneza dawa zake.

Uchunguzi wa Lora Perry na Robert Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu kubwa zilizotajwa ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi hafifu na miundombinu mibovu.

Anayeumia ni mgonjwa. Mtoto mwenye malaria kali aliyepungukiwa damu anahitaji jibu la haraka ili daktari aamue kama aongezewe damu au la. Maabara isipoweza kupima, daktari hubaki kutazama weupe wa viganja na kope, au wazazi huelekezwa maabara binafsi. Hapo simu hupigwa ughaibuni, na yule yule aliyechangia kontena hutuma tena fedha za kipimo ambacho mashine yake ilipaswa kukifanya.

Hatari nyingine ni majibu ya uongo. Mashine yenye vitendanishi vilivyopitwa na wakati, au isiyohakikiwa kwa sampuli za kudhibiti ubora, huweza kutoa namba zinazoonekana sawa kumbe si sahihi. Daktari akiziamini, mgonjwa atapewa tiba isiyo yake.

Mwezi Januari 2008, wataalamu waliokutana Maputo, Msumbiji, walihimiza nchi zioanishe mashine za maabara zake, ili mafunzo, vipuri na vitendanishi viwe vya aina moja. Kila kontena lenye mashine ya aina ya peke yake huirudisha nyuma kazi hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 nao unataka msaada ufuate matakwa ya mpokeaji.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kontena, mkuu wa maabara aulizwe: mnatumia mashine ya aina gani sasa? Nani anauza vitendanishi vyake nchini, na kipimo kimoja kitagharimu kiasi gani? Je, lipo jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kwa dawa zinazohitaji baridi? Yupo fundi? Umeme nao usisahauliwe: mashine ya Marekani hutumia volti 120, nyumbani ni 230 au 240. Vibali pia viulizwe mapema, Tanzania kwa TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA, na Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Huenda jibu likawa kwamba mashine ipo tayari, imefunikwa kitambaa, ikisubiri chupa tatu. Ikiwa ni hivyo, fedha za kontena zitafaa zaidi zikinunua vitendanishi huko huko nyumbani, kwa awamu ili visiharibike stoo. Msaada wa namna hiyo hauna picha ya makabidhiano, lakini mgonjwa atapata jibu lake siku ile ile.