Magonjwa Nayo Yana Mazizi Yake

Bwana Mkulima, na wewe Bibi Mkulima, tuseme umeamka asubuhi na kumkuta ng'ombe wako mmoja amekufa. Jana jioni alikuwa akila majani vizuri. Sasa tumbo limevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani. Unamwita Afisa wa Mifugo. Anafika, anavaa glavu, anachukua damu kidogo sana sikioni, anaitia katika kichupa. Kichupa anakitia ndani ya chombo kingine kisichovuja, na chombo hicho anakitia ndani ya sanduku gumu. Kisha anakuambia: usimchune, usimpasue, wala usile nyama yake.

Huenda ukakasirika na kusema, "Nyama yote hii ipotee bure kwa sababu ya tone moja la damu?" Swali lako ni la haki. Basi twende pamoja na hiyo damu mpaka maabara, uone inavyotunzwa huko, nawe utapata jibu.

MAZIZI MANNE

Wewe mwenyewe huwafungi wanyama wako wote namna moja. Kuku hutembea uani. Mbuzi huwekwa ndani ya ua wa miti. Ng'ombe wana zizi lao. Lakini fahali mkali aliyekwisha jeruhi mtu humjengea boma la nguvu, na mlango wake huufunga mara mbili.

Wataalamu wa maabara nao hufanya vivyo hivyo kwa viini vya maradhi. Huuliza maswali matatu: Kiini hiki huleta ugonjwa mkali kiasi gani? Huenea kwa urahisi? Iko dawa au chanjo ya kukizuia? Kwa majibu hayo wamevigawa viini katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni viini ambavyo kwa kawaida havimdhuru mtu wala mnyama, kama hamira ya mkate. Kundi la pili huleta ugonjwa, lakini hauenei sana na njia ya kuuzuia ipo. Mfano wake ni pepopunda. Kundi la tatu ni viini vikali: kimeta, kifua kikuu, brusela inayotupisha ng'ombe mimba, na homa ya Bonde la Ufa. Kundi la nne ndilo fahali mwenyewe: viini viuavyo na kuenea kutoka mtu hata mtu, na tiba yake ni ngumu au haipo, kama Ebola na Marburg.

Kila kundi lina chumba chake. Katika chumba cha kundi la tatu mna milango miwili, na wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa. Hewa huvutwa kuingia ndani, isitoke nje mlangoni, na kabla ya kutolewa hupita katika chujio laini sana. Kazi hufanywa ndani ya kabati maalumu lenye hewa yake. Hakuna kula humo, wala kuvuta sigara, wala kufyonza dawa kwa mdomo kama walivyofanya watu wa zamani. Takataka zote hupikwa kwa mvuke wa digrii 121 kabla ya kutupwa.

Lakini usidhani kundi peke yake ndilo linaloamua. Tone la damu lililokaushwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini si sawa na chupa nzima ya viini vilivyooteshwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake cha kwanza cha usalama wa maabara mwaka 1983, na katika chapa ya nne ya mwaka 2020 lilikaza jambo hilo: tazama kiini, na tazama pia kazi unayokwenda kuifanya nacho.

TULIJIFUNZA KWA UCHUNGU

Sheria hizi hazikutungwa na watu wenye woga. Mwaka 1930 wana-kondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha. Wataalamu kutoka Kabete walikwenda kuchunguza, na mwaka 1931 wakatangaza ugonjwa mpya, nao ndio homa ya Bonde la Ufa. Lakini katika kazi hiyo wachunguzi wenyewe waliugua homa ile ile. Siku zile hawakuwa na kabati za hewa wala milango miwili.

Mwaka 1967, katika Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya siku zile, wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushika damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 walipatwa, na 7 wakafa. Hivyo ndivyo ugonjwa wa Marburg ulivyojulikana.

Wakati mwingine ugonjwa hutoroka kwa tundu dogo. Mwezi wa Agosti 2007, ugonjwa wa miguu na midomo ulitokea kwa ng'ombe katika Surrey, Uingereza. Kiini chake kilikuwa cha namna iliyopatikana mwaka 1967, ambayo haikuonekana tena mashambani ila hutumiwa katika maabara. Karibu na hapo, mahali paitwapo Pirbright, palikuwa na kazi ya uchunguzi na ya kutengeneza chanjo. Wachunguzi waliona kuwa yaelekea kiini kilitoka katika mabomba ya maji machafu yaliyochakaa, kikachukuliwa na udongo ulioshika magari. Mashamba 8 yaliambukizwa. Angalia hapo: ugonjwa huu haumsumbui binadamu, lakini mlinzi wa maabara ya mifugo hupaswa kuwafikiria ng'ombe wa jirani pia.

Kazi ikifanywa kwa uangalifu, faida yake ni kubwa. Chanjo ya sotoka aliyoitengeneza Daktari Walter Plowright na wenzake huko Muguga ilisaidia kuufuta ugonjwa huo, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa hauna sotoka tena. Mwaka 2019 Pirbright waliharibu akiba yao ya kiini hicho, kwa maana adui aliyeshindwa hana haja ya kuwekwa chumbani bila sababu.

SHAMBANI HAKUNA MILANGO MIWILI

Sasa rudi kwa ng'ombe wako. Ikiwa tone moja la damu yake hufungiwa hivyo, je, ng'ombe mzima akipasuliwa uani mwako mbele ya watoto? Kiini cha kimeta kikibaki ndani ya mzoga usiopasuliwa, kingi hufa mzoga unapooza. Lakini kisu kikipita, damu hukutana na hewa, na kiini hujifunika ganda gumu, kikajificha udongoni miaka mingi sana. Wajukuu wako watachunga juu ya kaburi hilo. Nayo homa ya Bonde la Ufa iliporudi mwaka 2006 na 2007, baada ya mvua kubwa, zaidi ya watu 150 walikufa katika Kenya. Wengi walioambukizwa walikuwa wameshika au kuchinja wanyama wagonjwa.

Basi shika mambo haya matano:

1. Mnyama akifa ghafula, usimpasue. Wazuie mbwa, ndege na watoto.

2. Mwarifu Afisa wa Mifugo au Chifu siku ile ile. Kimeta ni ugonjwa ambao Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inataka utangazwe.

3. Usichukue damu wewe mwenyewe na kuipeleka mjini ndani ya chupa ya soda. Mwachie mwenye vyombo na ujuzi.

4. Mzoga uchomwe au uzikwe palepale, shimo la futi sita, mbali na kisima na mto, Afisa akisimamia.

5. Usishike kondoo au ndama aliyetupwa mimba kwa mikono mitupu. Na ukipata homa au kidonda cheusi baada ya kushika mnyama, nenda hospitali, na umwambie daktari ulichoshika.

Kisha wachanje ng'ombe waliobaki, kama Afisa atakavyokuelekeza. Kupoteza ng'ombe mmoja ni hasara, hakuna anayekataa. Lakini wataalamu wa maabara wana ukuta, chujio na milango miwili ya kuwakinga. Wewe kinga yako ni moja tu, nayo ni kukiacha kisu alani. Tahadhari kabla ya hatari.