Kuvu na mbu: vita vya kunyamazishana

Kijijini Lupiro, kusini mwa Ifakara nchini Tanzania, watafiti walitundika vitambaa vyeusi vya pamba ndani ya nyumba tano. Walikuwa wamevipaka mafuta yenye spora, yaani mbegu za kuvu iitwayo Metarhizium anisopliae. Mbu akishashiba damu hutafuta pembe ya giza apumzike. Akitua kwenye kitambaa, huondoka na spora miguuni. Matokeo yalitoka mwaka 2005: asilimia 23 ya mbu walionaswa humo walikuwa wameambukizwa, na hao walikufa mapema kuliko wenzao.

Kufa mapema ndiko tunakokutaka. Vimelea vya malaria huchukua kama siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Lakini kuvu haiui papo hapo, na siku hizo chache humpa mbu nafasi ya kujitetea. Humo ndimo ulimo ugomvi ninaotaka kuueleza, unaopiganwa kwa kunyamazisha jeni.

Jeni ni agizo lililohifadhiwa katika kiini cha seli. Likihitajika, seli hulinakili kwenye uzi mwembamba, RNA tarishi, unaopeleka nakala kunakotengenezwa protini. Tarishi akizuiwa njiani, jeni inabaki nzima ila haisikiki. Kazi ya kumzuia hufanywa na protini iitwayo Agonauti. Hiyo hubeba kipande kifupi cha RNA, chenye herufi ishirini na kitu, na ikikutana na tarishi ambaye herufi zake zinaoana na za kipande hicho, humkata au humfunga mdomo. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998, kwa kutumia minyoo, jinsi RNA ya nyuzi mbili inavyonyamazisha jeni, wakatunukiwa Nobel mwaka 2006.

Kuvu nyingine iuayo wadudu, Beauveria bassiana, imeugeuza utaratibu huu kuwa silaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliifuatilia ikimshambulia Anopheles stephensi, mbu wa Asia ambaye sasa ameshaingia Djibouti, Ethiopia na Kenya. Spora ikinata kwenye gamba la mbu, huota, ikayeyusha gamba kwa vimeng'enya na kujipenyeza. Wakati inapenya, hutoa kipande cha RNA kiitwacho bba-milR1. Kipande hicho huingia kwenye seli za mbu, kikapakiwa kwenye Agonauti ya mbu mwenyewe, na kuinyamazisha Spz4, jeni inayopiga mbiu ya mgambo katika mfumo wake wa kinga. Mwenyeji anafungwa kwa kamba yake.

Kwangu mimi, la ajabu zaidi ni lile linalofuata. Kuvu ikishafika kwenye damu ya mbu, hupunguza kukitoa kipande hicho. Humo ndani kingeiamsha jeni nyingine, CLIPB9, inayoanzisha melanini, ile rangi nyeusi ambayo mdudu humviringishia adui hadi amkabe. Kilichofaa mlangoni ni hatari sebuleni.

Mbu naye hakai kimya. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba vipande vyake viwili vya RNA, let-7 na miR-100, huvuka hadi ndani ya kuvu na kunyamazisha jeni mbili ambazo kuvu huzitegemea katika kushambulia. Watafiti walipozirekebisha jeni hizo zisitambulike na vipande vya mbu, kuvu ikawa kali zaidi.

Ukali huo unavutia, lakini mimi nauliza kwanza kuhusu nyuki. Kuvu hizi huambukiza wadudu wa aina nyingi, kwa hiyo kuvu iliyoongezewa makali lazima ipimwe kwa nyuki, na kwa wadudu wengine tunaowahitaji shambani, kabla haijatoka maabara. Ile ya asili, kama ya Lupiro, ningekubali itundikwe chumbani kwangu leo.