Jaketi la Kuokoa Maisha: Je, Linamkaa Mtoto?

Leo hatuzungumzi juu ya homa wala kuharisha. Tunazungumza juu ya lile jaketi la rangi ya machungwa ambalo nahodha anakupa unapoingia botini, iwe unatoka Mokowe kwenda Amu au unatoka Mbita kwenda Mfangano. Wengine huita boya. Wengi wetu tukishalipokea tunalikalia ili nguo zisilowe. Tusidanganyane, tumeyaona.

Labda mama unasema, hilo si jambo la kliniki. Ni la kliniki kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Sisi wenyewe tunakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama kule Mombasa na watu 272 wakafa. Wenzetu wa Tanzania walipoteza watu zaidi ya 200 katika MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Ajali hizo kubwa zinatangazwa. Mtoto mmoja anayeteleza kutoka kwenye mashua hatangazwi.

Sasa tusikilizane. Kuwa na jaketi ni jambo moja, na jaketi kumkaa mtoto ni jambo lingine. Mtoto wa miaka 3 akivishwa jaketi la mtu mzima, anaonekana amevaa. Akiingia majini, jaketi linaelea lakini mtoto haelei nalo. Linapanda juu, linamfunika masikio na mdomo, mikono yake inainuka, naye anateleza chini kama ndizi inavyotoka kwenye ganda lake. Watu walioko botini wanaliona jaketi likielea peke yake.

Kwa nini iwe hivyo? Mwili wa mtu karibu unaelea wenyewe. Mtu mzima anahitaji msaada mdogo tu, kama wa kuinua kilo 3 hadi 5, ili kichwa kibaki juu ya maji. Kwa hivyo kazi ya jaketi si kuelea tu. Kazi yake kubwa ni kumgeuza mtu alale chali, pua na mdomo vitazame juu, hata kama amezirai. Ndiyo maana sponji nyingi huwekwa kifuani, na kidogo nyuma ya shingo. Kifua kinainuliwa, mgongo unakwenda chini, uso unatazama mbingu. Ukimvisha mtoto jaketi hilo mbele nyuma, umeigeuza kazi yake: sasa linamlaza kifudifudi.

Tena mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja kwa nane. Mtoto ana uzito mwingi juu, na huo ndio unaomvuta kuinamia maji. Jaketi zuri la mtoto mdogo lina kola pana nyuma ya kichwa, lina mkanda wa kumshikia juu ya kola ili umvute haraka, na lina mkanda unaopita katikati ya mapaja. Mkanda huo wa mapajani ndio watu wanaoukata kwa sababu eti unasumbua. Mama, usiukate. Ndio unaozuia jaketi kupanda.

Utajuaje saizi? Usiulize umri. Watoto wawili wa miaka 4 hawalingani, unajua. Jaketi huchaguliwa kwa uzito, nao umeandikwa ndani kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa. Yaliyotengenezwa kwa vipimo vya Marekani huwa ni ya kilo 4 hadi 14 hivi kwa wachanga, kilo 14 hadi 23 kwa watoto, na kilo 23 hadi 41 kwa wakubwa kidogo. Mengine yana vipimo tofauti, basi soma lako. Na uzito wa mtoto unaupata wapi? Kwenye kitabu cha kliniki, pale muuguzi alipoweka alama mara ya mwisho. Ikiwa ni muda mrefu umepita, mpeleke apimwe. Usimnunulie jaketi kubwa ukisema atakua nalo. Hiyo ni akili nzuri kwa sare ya shule, si kwa jaketi hili.

Sasa namna ya kuvisha. Mvue kwanza mkoba wa shule na viatu vizito, na toa mawe na vikorokoro mifukoni, maana wavulana wana mawe daima. Funga klipu zote na zipu mpaka juu. Anza kukaza mkanda wa kiunoni, kisha wa kifuani, mwisho wa mapajani. Ukishamaliza, mwambie ainue mikono juu, nawe shika jaketi mabegani ulivute juu kwa nguvu kama unayemwinua. Likipita kidevu au kugusa masikio, limelegea au ni kubwa. Kaza tena, jaribu tena. Likiendelea kupanda, omba jingine. Nahodha akinung'unika, mwache anung'unike. Lakini lisibane hata mtoto ashindwe kuvuta pumzi. Vidole vyako viwili vipite chini ya mkanda.

Hapa nataka mama mwenye mtoto mchanga anisikilize vizuri. Sisi tunambeba mtoto mgongoni kwa leso. Ni desturi njema, na barabarani haina neno. Botini ni hatari. Fikiria tulivyosema: jaketi lako linakugeuza ulale chali. Mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa wapi? Atakuwa chini yako, ndani ya maji, na wewe uko juu unaelea salama huku ukihangaika na fundo la leso lililolowa. Basi kabla boti halijaondoka, fungua leso. Mpakate mbele, na mvishe jaketi lake mwenyewe. Usimfunge kwako kwa kitambaa chochote, wala usimwingize ndani ya jaketi lako mkabanwa pamoja. Na ikiwa hakuna jaketi linalolingana na uzito wa kichanga wako, na safari si ya lazima, ingoje. Ikiwa ni ya lazima, chagua boti lisilojaa, uende asubuhi wakati upepo haujaamka, ukae katikati, chini.

Walio na nafasi ya kununua jaketi lao, wajaribu mahali maji yanapomfika mtoto kifuani, penye utulivu, mkubwa akiwa amemshika. Mwambie alegee kama anayelala. Mdomo unatakiwa ubaki juu ya maji. Akiinamia mbele au akizungukazunguka, angalia mikanda kwanza, kisha uangalie uzito. Mtoto aliyewahi kujaribu hivyo hapigi mayowe sana siku ya shida, kwa sababu ameshalijua jaketi linavyomsukuma.

Jambo la sponji pia si dogo. Sponji ya jaketi halisi hainyonyi maji. Sponji ya godoro hunyonya. Mnamo Januari 2016 polisi wa Izmir, nchini Uturuki, walikamata majaketi bandia zaidi ya 1,200 yaliyokuwa yakishonewa wakimbizi, ndani yake mmejazwa vitu vya kufungia bidhaa ambavyo vinakunywa maji. Ukinunua sokoni kwa bei ya kushangaza, lizamishe ndani ya karai usiku mmoja ukiliwekea jiwe juu. Asubuhi likiwa zito kama nguo iliyofuliwa, usimvishe mtoto.

Na tukirudi kwa kulikalia: sponji ikikaliwa siku baada ya siku hubonyea na kupoteza nguvu. Ukitoka safari lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, lianike kivulini, wala si juu ya bati la moto, halafu litundike. Lililochanika, lenye klipu iliyovunjika, au lililoliwa na panya, halifai tena hata kwa kushonwa.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutaeleza la kufanya mtoto anapoopolewa majini hapumui. Mwite na jirani asikilize.