Ini lako lina mafuta kiasi gani? MRI inajibu bila sindano

Ini lenye mafuta mengi mara nyingi haliumi, hivyo mtu hukaa nalo miaka bila kujua. Kwa sindano, daktari hutoa kipande kidogo tu, takriban sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini.

Spektroskopia, kipimo cha mashine ya MRI, haichomi. Kwenye sumaku, haidrojeni ya maji na ya mafuta hutoa mawimbi tofauti. Kompyuta huyalinganisha na kutoa asilimia ya mafuta.

Huko Dallas, Marekani, watu zaidi ya 2,300 walipimwa hivyo. Matokeo ya 2005 yaliweka mpaka: mafuta yakizidi 5.56%, ni mengi mno. Karibu mtu 1 kati ya 3 aliuvuka.

Ila kipimo hiki hakionyeshi makovu ya ini. Kwa hayo, sindano bado inaweza kuhitajika.